Wimbo wa Jumapili, Kazi ya Jumatatu

Hotuba ya wasichana wa kwaya katika Jubilei ya Miaka 25

 

Kamati ya jubilei ilitupa sisi wasichana dakika chache na swali moja: msichana Mkatoliki anaishije imani yake kila siku? Tulikaa baada ya mazoezi Jumamosi tatu mfululizo, tukasikilizana. Baadhi yetu tunachuma majani chai, wengine wako chuoni, wengine wanauza maduka pale Litein na Kapkatet, wengine wanafundisha chekechea, wengine bado wanasubiri kazi nyumbani. Haya tunayosema leo si ya mtu mmoja. Ni ya benchi zima la sauti ya kwanza na sauti ya pili.

Tunaanza na asante. Jimbo letu la Kericho lilikatwa kutoka Jimbo la Nakuru mwaka 1995, na kwaya hii ilipoanza jimbo lilikuwa bado changa. Hapakuwa na kinanda. Palikuwa na ngoma, kayamba, na akina mama waliotembea kwa miguu kutoka vigangoni kwenye matope, viatu wameshika mkononi ili waingie kanisani wakiwa safi. Walijifunza sauti nne kwa kusikiliza tu. Wengi wetu tuliingia kwaya hii tukiwa tumebebwa mgongoni, tukasinzia katikati ya "Utukufu" na kuamka kwenye matoleo. Mama zetu, Mungu awalipe. Mlichotufundisha si nyimbo tu.

Sasa tuje kwenye swali. Jumapili ni rahisi kujua Mkatoliki ni nani: ni yule aliyevaa sare na kusimama pale mbele. Lakini Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai, wote tumevaa gambuti na aproni, na kikapu mgongoni hakiandikwi dhehebu. Yule wa AGC, yule wa SDA na sisi tunafanana. Hapo ndipo imani huanza kuulizwa maswali.

Papa Fransisko aliandika waraka juu ya utakatifu mwaka 2018, unaoitwa Gaudete et Exsultate. Hakuanza na mapango ya wamonaki. Alitoa mfano wa mwanamke anayekwenda sokoni. Anakutana na jirani, maongezi yanaanza, na mara umbea unaingia. Yule mwanamke anaamua moyoni kwamba hatamsema mtu vibaya. Anarudi nyumbani amechoka, mtoto anataka kuzungumza naye, naye anakaa na kumsikiliza. Baadaye wasiwasi unamshika, anachukua rozari na kusali. Akitoka tena anakutana na maskini, anasimama na kusema naye kwa upole. Papa anasema kila moja ya hizo ni hatua ya utakatifu. Tulipousoma mfano huo tulicheka kidogo, kwa sababu soko lile tunalijua. Ni soko letu la Jumamosi, na umbea ule tunaujua kwa majina.

Basi tumechagua mambo matatu ya Jumatatu. La kwanza ni dogo, la pili ni zito, na la tatu linawahusu ninyi wote kanisani.

KWANZA: UAMINIFU WA KIKAPU

Kila mtu hapa anajua kanuni ya chai nzuri: majani mawili na kichipukizi. Kila mtu anajua pia kwamba mizani haioni ndani ya kikapu. Unaweza kuficha majani makavu chini, unaweza kunyunyizia maji ili kilo ziongezeke. Mkulima mdogo anayepeleka majani kwenye kituo cha kununulia akifanya hivyo, hamwibii mtu wa mbali. Majani mabaya yanaharibu chai ya kiwanda kizima, bei inashuka, na bonasi ikija ndogo tunanung'unika wote. Karani naye akipunguza kilo za mama mzee asiyejua kusoma, amekula ada ya mjukuu wake.

Msichana anayechuma kwa uaminifu pale asipoonekana, anayerudisha pesa za M-Pesa zilizotumwa kwake kimakosa, asiyesambaza kwenye kikundi cha WhatsApp picha ya kumwaibisha mwenzake, huyo ameanza kuimba kabla ya Jumapili. Hata sala inaingia shambani bila kelele. Kuna wenzetu wanaosali fungu moja la rozari kati ya mstari na mstari, vidole vikiwa kazini. Wengine saa sita mchana wanasimama kidogo na kusali Malaika wa Bwana. Hakuna msimamizi aliyewahi kukata kilo za mtu kwa sababu hiyo.

PILI: USALAMA WA SHAMBANI

Wazazi wetu, hili mtatuvumilia. Tulijadiliana kama linafaa kusemwa siku ya sherehe, tukaona kwamba likifichwa siku ya furaha, litafichwa siku zote.

Katika Biblia kuna kitabu kifupi kinachoitwa kwa jina la msichana mfanyakazi, Ruthu. Ni mjane kijana, mgeni, hana shamba. Anatoka asubuhi kwenda kuokota masazo nyuma ya wavunaji wa shayiri ili yeye na mama mkwe wake Naomi wapate chakula. Boazi, mwenye shamba, anapomwona anafanya mambo manne. Anamwambia akae karibu na wafanyakazi wake wa kike. Anawaamuru vijana wasimguse. Anamruhusu anywe maji ya wafanyakazi. Na wakati wa kula anampa chakula hadi anashiba na kubakisha. Jioni Naomi anaposikia habari hizo, anamwambia Ruthu ni vizuri aendelee kwenda na wasichana wa shamba hilo, asije akadhurika katika shamba lingine.

Fikirini jambo hilo. Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, mama mkwe tayari alijua kwamba msichana anayetafuta riziki katika shamba la mtu anaweza kudhurika. Na mwenye shamba mcha Mungu alijua kwamba kumlinda ni kazi yake yeye. Hakumwambia Ruthu abadilishe mavazi. Aliwaamuru wanaume.

Mwezi wa Februari 2023 shirika la BBC lilionyesha filamu iliyotengenezwa hapa hapa Kericho. Zaidi ya wanawake 70 wa mashamba ya chai walieleza walivyonyanyaswa kingono na waliokuwa na mamlaka juu yao: toa mwili ndipo upate kibarua, toa mwili ndipo upewe kazi nyepesi. Dunia ilishtuka. Wengi wa mama zetu hawakushtuka. Mashine za kuchuma chai zinapozidi kuingia, vibarua vya mikono vinapungua. Na kibarua kikiwa haba, anayekigawa anakuwa mkubwa kuliko anavyostahili.

Msichana Mkatoliki anafanya nini hapo? Kumwambia "sali tu" hakutoshi, ingawa kusali ni lazima. Tunapendekeza haya, na sisi wenyewe tumekubaliana kuyashika.

Tutembee kama alivyoshauri Naomi, yaani pamoja. Msichana mpya akija kutafuta kazi, asiende peke yake kuonana na mtu ofisini jioni au nyumbani kwake. Mmoja wetu ataandamana naye.

Tuijue sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono, na kuwajulisha wafanyakazi wake. Una haki ya kuuliza sera hiyo iko wapi na malalamiko yanapelekwa kwa nani. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 nayo inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayetumia mamlaka yake kumsumbua aliye chini yake.

Tujue pa kukimbilia. Mtu akibakwa, afike hospitali haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinahitaji kuanza ndani ya muda huo. Asioge kwanza, na nguo alizovaa zisifuliwe, kwa kuwa ni ushahidi. Namba ya simu ya bure ya kusaidia waathiriwa wa ukatili ni 1195. Kwa mtoto ni 116. Tunaomba namba hizo zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa parokia na wa kila kigango, karibu na ratiba ya Misa.

Na tuseme wazi juu ya dhambi. Wako wasichana wanaoacha kupokea Komunyo kwa sababu ya jambo walilotendewa kwa nguvu, wakidhani wamechafuka. Kanisa halifundishi hivyo. Baada ya mji wa Roma kuvamiwa mwaka 410, Mtakatifu Augustino aliandika juu ya wanawake waliotendewa ukatili na askari. Alieleza kwamba usafi ni wa moyo na nia, na kwamba dhambi ya mtenda haiwi ya mtendwa. Dada yetu, kama ni wewe, mlango wa Ekaristi haukufungwa.

Tunamkumbuka hapa Mwenye Heri Klementina Anuarite, mtawa kijana wa Kongo. Tarehe 1 Desemba 1964, mjini Isiro, aliuawa na kiongozi wa waasi aliyemtaka kwa nguvu. Alikuwa na miaka 24. Alikataa, na kabla ya kufa alimsamehe aliyempiga. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, kisha akafika Nairobi kufunga Kongamano la Ekaristi. Tunamheshimu Anuarite kwa sababu alijua thamani yake mbele ya Mungu. Lakini tunaomba mfano wake usitumiwe kuwahukumu walionusurika. Aliyebaki hai naye ni binti wa Mungu, na Kanisa linamhitaji akiwa hai.

Neno la mwisho katika jambo hili linawaendea baba zetu na kaka zetu. Katika mabenchi haya wameketi wasimamizi, makarani, wenye mashamba, walimu, wenye maduka. Ninyi ndio akina Boazi wetu. Hatuwaombi mtupe zawadi ya jubilei. Tunaomba kila mmoja awaamuru vijana walio chini yake kama Boazi alivyowaamuru wake, na aanze na nafsi yake.

TATU: MLANGO WA KWAYA

Kwaya nyingi zina desturi moja ya zamani. Msichana akipata mimba nje ya ndoa, anavuliwa sare na kuambiwa akae nyuma. Hatuzungumzii kwaya fulani. Kila mtu hapa ameiona mahali fulani. Tunajua nia ya wazee ilikuwa njema: walitaka ndoa iheshimiwe, na sisi pia tunataka iheshimiwe. Hatuji mbele yenu kusema kwamba dhambi si dhambi.

Lakini tuangalieni kinachotokea. Msichana anakaa nyuma, tumbo lake ndilo ushahidi. Kijana aliyehusika, kama yuko sauti ya nne, anaendelea kuimba sauti ya nne. Jumapili ya tatu msichana haji tena. Mwezi wa sita tunasikia anasali kwingine, au hasali popote. Wengine wameogopa aibu hiyo kiasi cha kwenda kutoa mimba gizani, na wapo ambao hawakurudi wakiwa hai. Sisi tunaoimba kwamba uhai ni mtakatifu tangu tumboni, tusiwe ndio tunaomsukuma dada yetu kule.

Papa Fransisko, Januari 2014, alibatiza katika kikanisa cha Sistina mtoto ambaye wazazi wake walikuwa bado hawajafunga ndoa Kanisani. Hakuwaambia wazazi hao kwamba ndoa haina maana. Alimpokea mtoto.

Basi tunaomba kwaya yetu iingie miaka mingine 25 na utaratibu huu. Kama kuna muda wa kupumzika na kutafakari, uwe sawa kwa mvulana na kwa msichana, uwe na mwisho unaojulikana, na uelekee kwenye Kitubio wala si kwenye aibu. Ndani ya wiki moja mama wawili wa kwaya wamtembelee yule msichana nyumbani, wakiwa na unga, sukari na neno la upole. Mtoto akizaliwa, kwaya iimbe siku ya ubatizo wake. Mkono mmoja haulei mwana, na kwaya hii ina mikono mingi.

Kuna jambo lingine linalokaa karibu na hilo: ndoa za njoo tukae. Tukiwauliza wenzetu kwa nini wamekaa miaka mitano, saba, bila Sakramenti, wachache sana wanasema hawaamini. Wengi wanasema hawana pesa za harusi. Tenti, keki, magari, sare za wasimamizi, video. Wanasubiri bonasi ya mwaka ujao, na mwaka ujao bonasi inakwenda kwa ada. Wakati huo wote wanaketi Misani bila kupokea.

Ndugu zetu, Kanisa halidai keki. Sheria ya Kanisa inataka maarusi walio huru na walioandaliwa, padre au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili. Hayo mengine tumeyaongeza wenyewe. Kwa hiyo zawadi yetu ya jubilei ni hii: wanandoa wowote wa parokia hii watakaoamua kubariki ndoa yao katika Misa ya kawaida ya Jumapili, kwaya itawaimbia bila kudai hata shilingi moja, na sisi wasichana tutapika chai ya baada ya Misa. Majani tunayo.

KUHITIMISHA

Tukimtafuta mtunzi wa kwanza wa wimbo katika Injili ya Luka, tunamkuta msichana. Alikuwa bado hajakaa na mume, ana mimba ambayo kijiji kisingeielewa, na amesafiri kwa haraka hadi nchi ya milima kumsaidia Elizabeti mzee aliye mjamzito. Kule milimani, mlangoni kwa jamaa yake, ndipo Maria alipoimba juu ya Mungu anayewashusha wenye nguvu na kuwainua wanyonge. Elizabeti hakumwuliza kwanza maswali. Alimpokea, na baada ya kupokelewa, Maria aliimba.

Nasi ni wasichana wa nchi ya milima. Tupokeeni hivyo. Mtuulize kazi zetu zinaendeleaje. Mtulinde njiani. Mturekebishe tukikosea, kwa sauti ya mama na si kwa sauti ya mahakama. Mkifanya hivyo, hamtahitaji kutuomba tuje mazoezini.

Tunamshukuru mwalimu wetu wa kwaya, anayetusimamisha na kuturudisha mwanzo mara kumi mpaka sauti zikubaliane. Tunawakumbuka wanakwaya waliotangulia mbele ya haki. Mungu awajalie waimbe pamoja na malaika. Na tunawakaribisha wasichana wadogo wa PMC wanaotuchungulia kila Jumamosi dirishani: mlango uko wazi, ingieni. Sauti ya kwanza ina nafasi.

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa waimbaji, utuombee.
Mwenye Heri Anuarite, utuombee.
Bikira Maria, msichana wa milimani, utuombee.

Tumsifu Yesu Kristo!